Fundi Aliyefungua Mashine Kumtafuta Nyenje

Kisa hiki hamtakiamini, na sitawalaumu. Mimi mwenyewe niliyekishuhudia kwa macho yangu mawili, moja likiwa zima kabisa, kuna asubuhi naamka nakitilia shaka. Lakini ni cha kweli. Chumvi nimetia kidogo tu, ile ya kuzuia kisioze.

Kinamhusu dada yangu. Tumetoka tumbo moja, yeye wa kwanza, mimi wa mwisho. Wazazi walipofika kwangu waliona kazi imekamilika, wakaacha. Dada ni fundi wa cherehani katika kiwanda kinachoshona sare za shule, na pale kiwandani hakuna anayemwita kwa jina lake. Wanamwita Bi Sikio.

Sikio hilo liligundulika akiwa na ufagio mkononi. Miaka hiyo alikuwa mfagizi tu, anakusanya vipande vya nyuzi na vitambaa chini ya mashine. Siku moja aliinama chini ya mashine namba nne, akainuka, akamwambia fundi mkuu wa wakati ule, "Samahani mzee, hii itakufa kesho." Yule mzee alicheka mpaka akashika meza. Kesho yake, kabla ya chai ya saa nne, mashine namba nne ikakwama na sindano ndani ya kola ya mtoto wa darasa la kwanza, isiende mbele wala nyuma. Mzee hakucheka tena. Alimnyang'anya ufagio, akampa bisibisi. Alipostaafu alimwachia spana zake zote, kopo la mafuta, na maumivu ya mgongo.

Tangu hapo, miaka ishirini na sita, kazi ya kiwanda kile haianzi mpaka yafanyike wanayoyaita mahudhurio. Ukumbi una mashine arobaini, safu nne za kumi kumi, kila moja imeandikwa namba kwa rangi nyeupe. Asubuhi washonaji huketi kimya, mikono mapajani. Bi Sikio anasimama katikati ya ukumbi, anafumba macho. Namba moja anakanyaga, mashine inanguruma kwa muda wa kuhesabu tatu, inanyamaza. Namba mbili. Namba tatu. Ni kama mwalimu anayeita majina darasani, isipokuwa hapa wanaoitika ni chuma. Mashine ikiitika kwa kikohozi, Bi Sikio hunyoosha spana upande ule, macho bado kayafumba. "Kumi na saba, mkanda umelegea." "Thelathini, kuna uzi umejisokota kwenye bobini." Wanafungua, wanakuta ni hivyo hivyo. Na nyumbani alikuwa vilevile. Akiwa jikoni aliweza kutambua ni nani amefungua kopo la sukari chumba cha pili, na kwa mkono gani. Utotoni mwangu sikuwahi kulamba sukari kwa amani.

Basi, ikawa Jumanne moja, mchana, mvua imetoka kukatika na ukumbi una giza la mawingu. Mshonaji wa namba ishirini na mbili, mwanamke mnene mcheshi wanayemwita Mama Pacha, akainua mkono.

"Bi Sikio, njoo umwone mwenzangu huku. Analia."

"Analiaje?"

"Tsiii. Tsiii. Kama mtu anayefyonza meno."

Bi Sikio akaja, akainama, akatega sikio la kulia, lile analoliamini zaidi. Akasikia mota. Akasikia mkanda, akasikia sindano ikipanda na kushuka, akasikia hata pumzi ya Mama Pacha. Tsiii hakuisikia.

"Analia sasa hivi?"

"Si huyo hapo! Humsikii?"

Na majirani nao, ishirini na moja na ishirini na tatu, wakaitikia: "Anapiga kelele hasa, Bi Sikio. Meno yanatuingia ganzi."

Sasa hapa palihitajika neno moja dogo tu. Angesema "simsikii", yote yangeishia hapo, nami ningekosa cha kuwaandikia. Lakini ile miaka ishirini na sita ilimkalia ulimini. Macho ya safu nzima yalikuwa usoni pake. Akakunja uso kama mtu anayesikiliza jambo zito.

"Namsikia," akasema. "Beringi ya juu hiyo."

Akatandika kitambaa sakafuni, akaanza kufungua. Akaitoa beringi ya juu, akaisafisha, akaitia mafuta, akairudisha. "Ameacha?" "Bado." Akafungua tena, safari hii akaenda ndani zaidi, akabadilisha mkanda. "Na sasa?" "Bado, tena amezidisha." Jasho jembamba likamtoka. Mara ya tatu aliing'oa mashine nzima mezani, akachomoa waya wa umeme ukutani, akaifungua hadi mhimili. Kila kipande akakilaza kwenye kitambaa kwa mpangilio, kama nguo zilizoanikwa. Mashine namba ishirini na mbili haikuwa mashine tena. Ilikuwa vyuma.

Ndipo Mama Pacha alipoanza kucheka. Alijiziba mdomo kwa kola ya sare, lakini mabega yakamsaliti. Wa ishirini na moja akaambukizwa, kisha safu, kisha ukumbi mzima. Bi Sikio akageuka huku na huku, spana mkononi, hajui kinachowachekesha.

Fundi mwenzake ndiye aliyemwambia. Ni mwanamume mrefu, mwembamba, mwenye mke mmoja na watoto wanne, na kwa kuwa ni mrefu na hupima kila kitu mara mbili, wanamwita Rula. Rula alikuwa amesimama nyuma yake anafuta machozi ya kicheko.

"Shangazi, mashine umeichinja, umeichuna, umeitandaza, na bado inaimba!"

Akapiga magoti, akaingiza mkono wake mrefu chini ya meza, kwenye kisanduku cha vipande vya vitambaa, akapapasa, akautoa. Kwenye kidole chake alikuwa amekaa nyenje. Si yule mweusi wa pembe za jikoni. Ni yule wa majani, wa kijani kibichi, ambaye ukimwona kwenye tawi utasema ni jani lililoota miguu, mwenye ndevu mbili nyembamba ndefu kuliko mwili wake. Nyuma ya kiwanda kuna ua wa miti mifupi ambamo wamejaa tele. Huyu mvua ilimtoa kwao ikamleta kazini.

Bi Sikio alicheka pamoja nao. Alicheka kwa sauti kuliko wote. "Nimefungua cherehani kutafuta mdudu! Leo mmenipata!" Na wao wakazidi, maana hakuna kitamu kama mkubwa anayejicheka.

Kisha Rula akamweka nyenje kwenye kiganja cha Bi Sikio. Mdudu akatulia, akazungusha zile ndevu, akainua mabawa kidogo, na mabawa yakaanza kutetemeka kwa kasi ya sindano iliyokanyagiwa hadi mwisho. Mama Pacha akaziba masikio. "Jamani, mtoto ana sauti huyu! Mwambieni tumesikia!"

Bi Sikio alikuwa na nyenje shubiri moja kutoka puani kwake. Aliona mabawa yakitetemeka. Alihisi kiganja kikimtekenya. Na hakusikia chochote. Ilikuwa kana kwamba mtu amemtia pamba katika masikio yote mawili, pamba inayopitisha vicheko na mota na matone yanayodondoka kutoka kwenye bati, na kuzuia kitu kimoja tu, kile ambacho kila mtu ukumbini alikuwa anakisikia.

Alimtia katika boksi tupu la uzi, akalitoboa matundu kwa sindano. "Huyu nakwenda naye nyumbani," akawaambia. "Namdai kazi ya nusu siku." Wakacheka tena.

Shemeji yangu, mumewe, alikuwa fundi wa redio mpaka watu walipoacha kutengenezesha redio. Meza yake bado imejaa nyaya na vifuniko visivyo na vyombo. Jioni hiyo Bi Sikio aliingia, akatundika mkoba kwenye msumari, akaosha mikono, akakaa. Shemeji akamwangalia juu ya miwani.

"Mama, mkoba wako unapiga kelele."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu ulipofungua mlango. Nilidhani unaringa na simu mpya."

Hapo ndipo alipojifunika uso kwa kanga, na yote yakatoka: Mama Pacha, beringi ya juu, ule uongo, ile pamba. Alimwomba shemeji asimwambie mtu. Kesho yake mwenyewe akaniambia mimi, jambo ambalo mpaka leo analitaja kama kosa la pili.

Shemeji si mtu wa kubembeleza. Alivua miwani, akaifuta. "Masikio huzeeka kuanzia juu," akasema, "kama nywele. Sauti nyembamba za juu kabisa ndizo zinazotangulia kuaga. Za chini zako nzima, mbona umesikia nilivyonong'ona jana kwamba mchuzi una maji."

"Nilisikia. Na sijasahau."

"Basi hujafa."

Lakini kiwandani msimamizi naye alikuwa na macho. Huyu ni bwana nadhifu, kalamu nyekundu na ya bluu mfukoni, mstaarabu sana, na kila anapotaka kuongea kirefu huanza na "kwa ufupi". Alhamisi alimwita ofisini.

"Mama, kaa. Kwa ufupi, mwezi ujao tunaletewa mashine mpya kumi. Zinakimbia mara mbili ya hizi, na zikiharibika zinalia kwa sauti nyembamba. Nimeambiwa hivyo kwenye semina. Sasa yule wa Jumanne, yule mdudu... wote walimsikia, Mama. Hata mimi nilimsikia, nikiwa huku nimefunga mlango."

Bi Sikio akatazama kalamu nyekundu.

"Sisemi kitu kibaya. Nasema tupime. Jumatatu asubuhi kabla hamjaingia, mimi na Rula tutaharibu mashine tatu kati ya arobaini. Kidogo tu, kitaalamu. Wewe utafanya mahudhurio kama kawaida. Ukizipata, hakuna maneno. Usipozipata, mahudhurio atachukua Rula, na wewe tutakupeleka stoo ya vifungo. Ni pazuri, hakuna kelele. Kuna kiti chenye mto."

Alitoka pale akiwa anatembea wima. Alipofika nyumbani, kilichomchoma zaidi ya yote kilikuwa kile kiti. "Mto!" alirudia, anazunguka meza. "Miaka ishirini na sita nimesimama, leo nimekuwa wa mto!"

Sasa njooni Jumapili, na hapa ndipo anapoingia mdogo wake, mtu mwenye akili nyingi ambazo shule ilishindwa kuzimaliza. Shemeji alikuwa na vinasa sauti viwili vya zamani, vile vya mikanda mikubwa inayozunguka kama sahani, kimoja kizima, kingine kizima nusu. Kila kimoja kina mwendo wa aina mbili, wa haraka na wa polepole. Viko juu ya kabati tangu enzi. Alinipigia simu nije nivishushe, nami nilivishusha, kimoja kwa kila mkono. Sawa, kimoja kimoja, kwa mikono yote miwili, na shemeji akashika upande mmoja.

"Ukinasa sauti kwa mwendo wa haraka," shemeji akaeleza, "kisha ukaicheza kwa mwendo wa polepole, inashuka. Ya mtoto inakuwa ya mtu mzima. Tukiinakili hiyo na kuishusha tena, inashuka zaidi. Tutamshusha huyu bwana ngazi kwa ngazi mpaka afike uliko wewe."

Tatizo, bwana mwenyewe haimbi mchana. Alishinda amekaa kwenye jani la kabichi kama mtumishi wa serikali saa saba. Bi Sikio akasema anahitaji giza. Basi wakamfungia ndani ya kabati la nguo, kati ya makoti, wakampenyezea kipaza sauti, wakaziba upenyo wa mlango kwa shuka. Watu wazima watatu, umri wetu ukijumlishwa unapita miaka mia moja na sabini, tukakaa kitandani tumepangana tukitazama kabati. Dakika ishirini. Mimi nikapiga chafya.

"Sasa umemtisha," dada akanong'ona.

"Yeye ndiye aliyenitisha. Kimya chake kinatisha."

"Shhh," akasema shemeji. Akainua kidole. "Ameanza."

Bi Sikio hakulitazama kabati. Alimtazama mumewe. Kidole cha shemeji kilikuwa kinapiga hewa, kifupi, kifupi, kirefu, na kwenye uso wake ule mkali kulikuwa na tabasamu ambalo mwenyewe hakujua analo.

"Anasema nini?" akamwuliza.

"Anatafuta mchumba. Kila siku maneno ni hayo hayo: niko hapa, niko hapa, niko hapa."

"Wewe uliimba vibaya kuliko huyo, na nikaja."

"Ulikuja kuniambia ninyamaze."

Wakanasa. Wakapunguza. Shemeji akahamisha kutoka chombo kimoja kwenda kingine, akapunguza tena, akahamisha tena. Mara ya kwanza Bi Sikio akatikisa kichwa. Mara ya pili akatikisa kichwa. Mara ya tatu akaegemea mbele kidogo. Mara ya nne akasema, "Kuna kitu kama maji." Mara ya tano shemeji akabonyeza kitufe, sahani zikazunguka kwa uvivu, na chumbani kukaja sauti ambayo hata mimi sikuitegemea. Haikuwa filimbi wala tsiii. Ilikuwa ni kugonga, kwa mfululizo, krra-ka-ka-ka-ka-ka, kisha pumziko, kisha krra-ka-ka-ka-ka-ka.

Bi Sikio alishika mkono wa mumewe. "Hiyo ni tupa," akasema.

"Tupa gani?"

"Tupa ya kunolea! Mtu anapitisha ukingo wa chuma juu ya meno ya tupa. Huyu haimbi kwa mdomo. Rudisha. Rudisha nyuma, Mzee."

Akarudisha. Bi Sikio akafumba macho, akanyoosha kidole kama anavyonyoosha spana. Akasikiliza mara moja, mara mbili, mara tisa. Mimi nilikwenda jikoni nikala nikarudi, bado anasikiliza. Kisha akafumbua macho, na uso wake ulikuwa ule wa siku zote, uso wa mtu anayejua asiyoyajua mwenziwe.

"Ameharibika," akasema.

"Nani?"

"Nyenje. Kila akipitisha, karibu na mwisho pana pengo. Ka-ka-ka, pengo, ka. Mahali pale pale kila mara. Ana jino limevunjika."

Shemeji akacheka, lakini akaleta kioo chake cha kukuzia, kile cha kutazamia nyaya. Tukamtoa nyenje makotini, tukampeleka dirishani. Nilimshika mimi, kwa sababu ya vidole vyangu vyepesi, akaning'ata, sikulia. Dada akafunua bawa la juu kwa ncha ya sindano. Na kweli, upande wa chini wa bawa lile, palikuwa na mstari wa meno madogo kama kitana cha mwanasesere, na bawa la pili lilikuwa na ukingo mgumu wa kuyapitia. Bawa moja tupa, bawa la pili chuma. Na karibu na mwisho wa mstari, meno mawili hayakuwepo.

Bi Sikio akamrudisha taratibu kwenye kabichi yake.

"Namba arobaini na moja," akamwambia. "Nimeshakuandika."

Jumatatu alifika kiwandani na kinasa sauti kile kizima, amekifunga kwa kanga, na mimi nikiwa nimekibeba. Washonaji walikuwa wamekaa, mikono mapajani. Msimamizi alikuwa amesimama karibu na dirisha na karatasi yake ya siri. Rula alikuwa anaangalia viatu vyake. Mtu mwema, hakulala vizuri.

Bi Sikio hakwenda katikati ya ukumbi. Alisimama mlangoni.

"Kabla hatujaanza," akasema. "Jumanne niliwadanganya. Nilisema namsikia yule mdudu. Sikumsikia. Sikumsikia chini ya meza, na sikumsikia alipokuwa mkononi mwangu. Sauti nyembamba zimenihama. Nimeona aibu kuwaambia, nikamvunjavunja mwenzake Mama Pacha bure."

Kutoka safu ya tatu Mama Pacha akasema, "Bi Sikio, na mimi tundu la sindano silioni tangu mwaka juzi. Ananitungia huyu." Akamwonyesha ishirini na moja.

"Na mimi ananikanyagia huyu nikichoka," akasema ishirini na moja, "goti limekataa."

"Mimi kidole hiki hakikunjiki," akaongeza mwingine. "Mimi mgongo." "Mimi mume." Kicheko kikazunguka.

"Kwa ufupi," msimamizi akapaza sauti, "hapa si hospitali! Tuanze."

Wakaanza, lakini kwa namna mpya. Bi Sikio alifumba macho kama zamani. Namba moja ikaitika, na baada yake mshonaji akatakiwa aseme: juu kuna kitu au hakuna? "Hakuna." Namba mbili. "Hakuna." Ilipofika sita, kabla mshonaji hajafungua kinywa, spana ilishanyooka. "Mkanda." Msimamizi akaweka alama. Kumi na tisa ikaitika vizuri tu sikioni kwa Bi Sikio, lakini mshonaji wake akakunja pua. "Kuna kifilimbi, Bi Sikio. Chembamba." Bi Sikio akaja na kinasa sauti, akanasa, akapunguza, safari hii ngazi moja ikatosha, akasikiliza, akainama juu ya sahani kana kwamba anasoma barua. "Beringi ya chini imekauka." Rula akashindwa kujizuia, akapiga kofi moja. Alama ya pili.

Thelathini na tatu ikaitika. Akaipita. Msimamizi akainua nyusi, akaandika kwa kalamu nyekundu. Ukumbi wote uliiona kalamu ile. Moyo wangu ulishuka, nikaufuata kwa macho.

Thelathini na nne, tano, sita, saba. Thelathini na nane ikaitika, spana ikanyooka.

"Ndoana iliyo chini ya sindano," akasema Bi Sikio. "Ina ufa."

Msimamizi akatazama karatasi, akamtazama Rula. "Mama, hiyo hatukuigusa."

"Mimi sikuulizwa mmegusa ipi. Nimeulizwa ipi mbovu."

Rula akaja na bisibisi, akafungua, akaitoa ndoana ile ndogo inayobeba uzi wa chini. Akaipeleka dirishani. Akaigeuza. Akaipima kwa jicho mara mbili, ndiyo desturi yake. "Ina ufa," akasema polepole. "Mwembamba kama unywele. Ingekatika wiki hii, sindano ingeruka usoni kwa mtu." Mshonaji wa thelathini na nane, binti aliyeajiriwa juzi tu, akajishika shavu.

Basi msimamizi alipata shida kubwa ya hesabu. Alisimama pale na kalamu mbili. Bi Sikio alitegewa tatu, amepata mbili. Lakini amepata na moja ambayo hakutegewa. Je, ni mbili kwa tatu, au tatu kwa tatu, au tatu kwa nne? Aliandika, akafuta, akaandika.

"Kwa ufupi, bosi," Rula akasema, "thelathini na tatu nililegeza skrubu moja tu, tena kwa nusu mzunguko. Hata mimi nisingeisikia. Na ile ya ufa nimeipita mwezi mzima. Mkimpeleka stoo, mimi mahudhurio siyataki. Tupeni wote wawili. Mimi za juu, yeye za chini, na kila mshonaji amsemee mwenzake."

Msimamizi akatazama ukumbi. Wanawake arobaini walikuwa wanamtazama, na Mama Pacha alikuwa ameshika mkasi, ingawa nadhani ilikuwa bahati tu.

"Kwa ufupi," akasema. Na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuongeza kitu. Aliirudisha kalamu nyekundu mfukoni, akaenda ofisini. Bi Sikio akabaki amesimama na spana mkononi kama mtu aliyesahau kinachofuata, mpaka Rula akamgusa kiwiko: "Shangazi, bado thelathini na tisa na arobaini." Akafumba macho. Wakamaliza.

Saa kumi na moja jioni, kazi ilipokwisha, alilitoa mkobani lile boksi la uzi, alilokuja nalo asubuhi na nyenje wake ndani, akatoka na Rula mpaka kwenye ua wa nyuma. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya kinasa sauti, napumzika. Akafungua kifuniko. Nyenje akatoa ndevu kwanza, kisha kichwa, akajitupa kwenye majani, akapotea, kijani ndani ya kijani. Jua lilikuwa linateremka nyuma ya paa la bati. Na papo hapo ua mzima ukaanza kuimba, kila jani na wake, na Bi Sikio akafumba macho, akageuza shingo kidogo, na masikio yake yote mawili yakafunguka kama madirisha, akamsikia nyenje wa kwanza, akamsikia wa pili, wa kumi, wa mia mbi—

"Muongo mkubwa wewe," anasema dada, amesimama nyuma ya kiti changu, sijui tangu saa ngapi. "Sikumsikia hata mmoja. Rula ndiye aliyesikia. Kila mmoja alipoanza alinigusa bega, na walikuwa kumi na wawili. Futa hapo. Andika bega, andika kumi na wawili."